Maswali ya wabunge wa Uingereza kuhusu teknolojia, uhamiaji na joto la nyumba: yanayoulizwa mara kwa mara

Kwenye meza yetu ya Jumamosi, katika mji mmoja wa England wenye wasemaji wengi wa Kiswahili kutoka Kenya, Tanzania, Kongo na Burundi, mtu huja na bahasha tatu mkononi. Moja ni ya viza. Ya pili ni bili ya umeme. Ya tatu imetoka kwenye mfumo wa kompyuta uliomwandikia kwamba taarifa zake hazipatikani. Bahasha zote tatu zina mlango mmoja ambao wengi hawaujui: mbunge wa eneo lako anaweza kumuuliza waziri swali, na kwa desturi ya Bunge waziri hana budi kulijibu hadharani. Hapa tumekusanya yale tunayoulizwa kila wiki. Ushauri wa viza hatutoi, na sababu utaikuta kwenye swali la mwisho.

## Mambo ya msingi

Swali la bungeni ni kitu gani, na linatofautianaje na barua ya mbunge?

Barua hubaki kati yako, mbunge na wizara. Swali ni la hadhara. Hupewa namba, huchapishwa na jina la mbunge aliyeliuliza, na jibu lake huingia kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge, ambapo yeyote anaweza kulisoma hata baada ya miaka 20.

Barua hushughulikia tatizo lako wewe. Swali huuliza tatizo kama lako limewapata watu wangapi, tangu lini, na serikali imefanya nini. Watu wengi huja wakitaka swali huku wanachohitaji ni barua. Wengine huandika barua kumi kuhusu jambo ambalo swali moja lingelifichua. Ukilielewa hilo, nusu ya ukurasa huu umeshaumaliza.

Kuna aina ngapi za maswali?

Kuna ya mdomo, ya maandishi na ya dharura.

Maswali ya mdomo huulizwa saa ya kwanza ya kikao, Jumatatu hadi Alhamisi, kila wizara kwa zamu yake. Mbunge hupeleka swali siku kadhaa kabla, kisha majina hupangwa kwa bahati nasibu. Aliyewahi kufuatilia Bunge la Dodoma anajua yanavyokwenda: swali la msingi waziri ameshaliona na jibu amelishika mkononi, lakini la nyongeza ndilo linalomtoa jasho. Waziri Mkuu huulizwa kila Jumatano saa 6 mchana, kwa nusu saa. Kipindi hicho ndicho kinachoonyeshwa kwenye televisheni za dunia nzima, na kwa shida yako ndicho chenye manufaa madogo kuliko vyote.

Maswali ya maandishi ndiyo kazi yenyewe, nayo huulizwa kwa makumi ya maelfu kila mwaka. La kawaida hutarajiwa kujibiwa ndani ya takriban wiki moja ya kazi. Lipo pia la siku maalumu, ambapo mbunge anataja tarehe anayotaka jibu, akitoa notisi ya siku tatu angalau. Ya aina hiyo haruhusiwi kupeleka zaidi ya matano kwa siku. House of Lords, yaani chumba cha juu cha Bunge, nao wana maswali yao ya maandishi, na muda wa kuyajibu ni siku 10 za kazi.

La dharura huombwa kwa Spika siku hiyohiyo. Spika akikubali, waziri huitwa ukumbini kujibu. Mfano wake uko chini, kwenye swali kuhusu Windrush.

Mimi si raia wa Uingereza. Mbunge atanisikiliza kweli?

Ndiyo. Mbunge huwakilisha kila anayeishi katika jimbo lake, awe na pasipoti ya Uingereza, ya Tanzania, au awe mkimbizi anayesubiri uamuzi.

Kuna jambo ambalo Wakenya, Watanzania, Waganda na Wanyarwanda wengi hapa hawajaambiwa. Nchi zenu ziko katika Jumuiya ya Madola. Ukiwa na kibali halali cha kukaa Uingereza, hata cha uanafunzi, na umetimiza miaka 18, una haki ya kujiandikisha na kupiga kura ya ubunge. Pasipoti ya nchi yako inakubalika kama kitambulisho kituoni. Nimemwona baba mmoja aliyeishi hapa miaka 11 akiinamisha kichwa alipolisikia hilo, kwa sababu chaguzi tatu zilikuwa zimempita.

Wakongo na Warundi hawamo katika Jumuiya ya Madola, kwa hiyo hawapigi kura ya Bunge la London. Lakini anayeishi Scotland au Wales kihalali, wa taifa lolote, anaweza kupiga kura ya bunge la huko na ya halmashauri. Na haki ya kumwandikia mbunge haitegemei kura.

Nimpateje mbunge wangu?

Tovuti ya Bunge inampata kwa postikodi yako. Mwandikie huyohuyo. Kwa desturi wabunge hawagusi mambo ya wakazi wa jimbo la mwenzao, hata ukimpenda zaidi yule uliyemwona kwenye televisheni. Weka anwani yako kamili na postikodi mwanzoni mwa barua, maana ndicho kitu cha kwanza msaidizi wake atakachokitafuta.

Nikimwandikia mbunge, viza yangu itaharibika?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi mlangoni, mtu akiwa anaondoka. Kumwandikia mbunge si kosa, na si sababu ya kunyimwa viza. Swali la bungeni halitaji jina lako. Kama ni barua kuhusu kesi yako, mbunge atakuomba kwanza saini ya kumruhusu kuzungumza na wizara kwa niaba yako.

Tahadhari yetu ni moja. Kama kibali chako kimekwisha muda au hujawahi kuwa nacho, mwone kwanza mwanasheria wa uhamiaji. Mbunge akiiandikia wizara, wizara itapata anwani yako.

## Kuliandika swali

Kwa nini swali tulilopeleka lilirudi likiwa limebadilishwa?

Kabla swali halijachapishwa, makarani wa Bunge hulipitia. Ni lazima liombe taarifa au litake hatua ichukuliwe, liwe na msingi wa ukweli, na lihusu jambo lililo chini ya waziri anayeulizwa. Haliruhusiwi kuwa hotuba au kubishana, wala kugusa kesi iliyo mahakamani. Na kama swali lilelile limejibiwa kikamilifu ndani ya miezi mitatu iliyopita, halirudiwi.

Kwa hiyo hasira zako, hata ziwe za haki kiasi gani, hazitoki kwenye karatasi hiyo. Nafasi ya hasira ni kwenye barua yako kwa mbunge, na huko usizifiche. Msaidizi akielewa jambo limekuuma wapi, ataliandika swali vizuri zaidi.

Nionyesheni mfano wa swali zuri.

Januari 2025 mama mmoja alikuwa anarudi kutoka Nairobi baada ya kumzika baba yake. Kadi yake ya ukaazi ilikuwa imeandikwa mwisho 31 Desemba 2024, kama kadi za watu wengi, kwa sababu serikali ilikuwa inahamia eVisa, yaani rekodi ya mtandaoni isiyo na kadi. Kwenye kaunta ya shirika moja la ndege kijana aliikataa kadi. Mama akatoa simu, chaji imebaki kidogo, intaneti ya uwanjani inakatika. Mwanawe alikuwa England akimsomea namba moja moja kwa WhatsApp, huku foleni nyuma yake ikilalamika. Ndege iliondoka bila yeye. Aliondoka kesho yake, akiwa amenunua tiketi nyingine.

Swali alilotaka liulizwe lilikuwa: *Kwa nini serikali inawanyanyasa watu wenye vibali halali?* Makarani wasingelipitisha.

Tukajaribu: *Ni wasafiri wangapi walizuiwa kupanda ndege kwa sababu ya eVisa?* Hili lingepita, lakini jibu tungelibashiri: wizara ingesema mashirika ya ndege ndiyo yanayojua. Tukajiuliza, wizara yenyewe ina daftari gani? Ina kituo cha saa 24 ambacho wafanyakazi wa mashirika ya ndege hupiga wakiwa na shaka na abiria. Swali likawa: *Kumuuliza Waziri wa Mambo ya Ndani, kituo cha kusaidia mashirika ya usafiri kilipokea maombi mangapi kuhusu eVisa katika kila mwezi tangu Oktoba 2024, na muda wa wastani wa kujibu ulikuwa gani.*

Linganisha hayo matatu. La tatu limeuliza kuhusu daftari ambalo mtu mmoja wizarani analo mezani. Lina mwezi wa kuanzia na linaomba namba. Kulikwepa ni kazi ngumu zaidi kuliko kulijibu.

Mbunge anaweza kuuliza kuhusu kesi yangu binafsi?

Kwa kawaida hapana, na usimwombe afanye hivyo. Kesi ya mtu mmoja hupita kwa barua au kwa njia maalumu ambayo ofisi za wabunge wanayo ya kuwasiliana na wizara. Kama mmekusanyika watu 12 wenye shida ileile, hapo ndipo swali lina kazi. Andikeni tarehe, aina ya ombi na kilichotokea kwa kila mmoja, bila majina.

## Uhamiaji

Nani hujibu maswali ya uhamiaji?

Wizara ya Mambo ya Ndani, ile tunayoiita Home Office. Ndivyo ilivyo hata ukiishi Glasgow, Cardiff au Belfast, kwa sababu uhamiaji haukugatuliwa. Hali ni tofauti kabisa kwa joto la nyumba, kama utakavyoona.

Mbona jibu huwa "takwimu zimechapishwa kwenye tovuti"?

Kwa sababu mara nyingi ni kweli. Wizara hutoa takwimu za uhamiaji kila robo mwaka, zikiwa na majedwali ya viza kwa kila nchi. Ukiuliza ni viza ngapi za uanafunzi zilitolewa kwa Wakenya, utaonyeshwa jedwali.

Anza na jedwali, kisha uulize lisichokuwa nacho. Haliwezi kukueleza, kwa mfano, ni waombaji wangapi walirudishiwa ada ya huduma ya afya baada ya kunyimwa viza, na ilichukua siku ngapi. Ada hiyo ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa waombaji wengi watu wazima tangu Februari 2024, na mtu wa viza ya miaka mitatu huilipa yote kwa mkupuo. Familia ya watu wanne inajua uzito wa hesabu hiyo.

Sheria hubadilika kila mara. Maswali husaidia nini hapo?

Husaidia kujua makali yamemwangukia nani. Ndani ya mwaka 2024 pekee wanafunzi wengi walizuiwa kuja na familia kuanzia Januari, wahudumu wa wazee na wagonjwa wakazuiwa hivyohivyo kuanzia 11 Machi, na kipato cha chini cha kumleta mwenza kikapanda kutoka pauni 18,600 hadi 29,000 mwezi Aprili. Julai 2025 mlango wa kuajiri wahudumu wapya kutoka nje ukafungwa.

Kanuni ikishapita, swali haliifuti. Linaweza kuuliza kama tathmini ya athari ilifanyika kabla, itachapishwa lini, na wahudumu wangapi waliobaki bila mwajiri baada ya kampuni zao kunyang'anywa leseni walipata kazi nyingine. Majibu ya namna hiyo ndiyo ambayo wanasheria, kamati za Bunge na magazeti huyachukua na kuyafanyia kazi.

Mpango wa Rwanda uligharimu kiasi gani, na wabunge walijuaje?

Mpango ulitangazwa 14 Aprili 2022: wanaoingia kwa boti ndogo wapelekwe Kigali, maombi yao yashughulikiwe huko. Malipo ya mwanzo ya pauni milioni 140 yalijulikana. Baada ya hapo, kila wabunge walipouliza, mawaziri walisema matumizi yatatangazwa kwenye hesabu za mwaka.

Kilichofungua mlango ni kamati za Bunge. Desemba 2023 katibu mkuu wa wizara aliwaandikia wenyeviti wa kamati mbili kwamba pauni milioni 100 nyingine zilikuwa zimelipwa mwaka huo, jumla ikafika milioni 240. Mwezi mmoja kabla, 15 Novemba 2023, Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kwamba mpango huo si halali. Serikali mpya iliufuta Julai 2024, na waziri wake wa mambo ya ndani akaliambia Bunge kwamba umetumia pauni milioni 700, na waliokwenda ni wanne, wote kwa hiari.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu linahusu nchi ya kwetu, na kwa sababu linaonyesha kitu ambacho watu hukata tamaa kabla hawajakiona. Swali likijibiwa kwa mkwepo mara tano, mikwepo hiyo mitano imeandikwa. Kamati ilipokuja na mamlaka makubwa zaidi, ilikuta njia imeshasafishwa.

Kuna swali lililowahi kubadilisha jambo kweli?

Lipo, la kashfa ya Windrush. Mwanzoni mwa 2018 magazeti yalieleza jinsi watu waliotoka Karibiani utotoni, wakiishi Uingereza kihalali kwa miaka zaidi ya 40, walivyokuwa wakifukuzwa kazi, wakinyimwa matibabu, wengine wakirudishwa. Tarehe 16 Aprili 2018 mbunge David Lammy alipata swali la dharura. Waziri wa Mambo ya Ndani, Amber Rudd, alisimama akaomba radhi.

Siku tisa baadaye, mbele ya kamati, aliulizwa kama wizara ina malengo ya idadi ya watu wa kuondolewa nchini. Alikana. Nyaraka zikaonyesha yapo. Tarehe 29 Aprili alijiuzulu. Swali lenyewe lilikuwa la sentensi chache, bila tusi wala hotuba ndani yake.

## Teknolojia

Teknolojia inanihusu nini mimi ninayesubiri viza?

Inakuhusu kabla hata afisa hajafungua faili lako. Kuanzia 2015 Wizara ya Mambo ya Ndani ilitumia programu iliyoyagawa maombi ya viza katika rangi tatu: kijani, njano na nyekundu. Utaifa wa mwombaji ulikuwa miongoni mwa vigezo. Ukiwa kwenye nyekundu, faili lako linachunguzwa kwa muda mrefu zaidi na uwezekano wa kukataliwa ni mkubwa. Shirika la kutetea wahamiaji la JCWI pamoja na Foxglove waliipeleka wizara mahakamani, na kabla kesi haijasikilizwa wizara ilikubali kuacha kuitumia, Agosti 2020.

Fikiria waombaji wa Dar es Salaam, Kampala au Kinshasa katika miaka hiyo mitano. Walisoma barua ya kukataliwa wakidhani tatizo ni taarifa zao za benki.

Basi mbunge aulize nini kuhusu mifumo kama hiyo?

Aulize kama utaifa, umri au mahali alipozaliwa mtu ni kigezo. Aulize tathmini ya usawa ilifanyika tarehe gani, na kama itachapishwa. Aulize ni maamuzi mangapi ya mfumo yaligeuzwa na afisa. Na aulize kama mfumo umeandikishwa kwenye rejista ya serikali ya programu zinazosaidia kutoa maamuzi, kwa sababu tangu 2024 wizara zinatakiwa kuandikisha. Sera ya jumla ya akili bandia iko kwa wizara ya sayansi na teknolojia, iliyoundwa Februari 2023, lakini programu ya viza ni ya Home Office. Ukilipeleka swali kwa wizara isiyohusika, litahamishwa na siku zitapotea.

Serikali ikisema "hilo ni suala la taasisi inayojitegemea" ndiyo basi?

Hapana, na aliyelipia somo hilo ni wakuu wa vituo vya posta. Mfumo wa kompyuta wa Horizon ulianza kufungwa kwenye vituo hivyo mwaka 1999. Ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo, na zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu. Wengine walifungwa. Wabunge walipouliza, kwa miaka mingi jibu lilikuwa kwamba Posta huendesha mambo yake yenyewe.

James Arbuthnot, mbunge wa North East Hampshire, aliendelea kuuliza kwa sababu mkuu wa posta wa kijiji kimojawapo jimboni kwake alikuwa miongoni mwao. Aliwakusanya wabunge wenzake waliokuwa na wakazi kama huyo. Desemba 2019 Mahakama Kuu ilisema mfumo ulikuwa na kasoro, na Mei 2024 Bunge likapitisha sheria iliyofuta hukumu hizo kwa mkupuo. Miongoni mwa wakuu hao wa posta walikuwamo wengi wenye asili ya Asia Kusini.

Jibu likiwa hilo, mbunge huuliza upande wa waziri: amekutana lini na wakuu wa taasisi hiyo, alipewa taarifa gani, na amechukua hatua gani.

## Joto la nyumba

Pampu ya joto ndiyo nini, na kwa nini wabunge wanaisema kila wiki?

Ni kama friji iliyogeuzwa. Friji hutoa joto ndani ya kabati na kulimwaga jikoni. Pampu hulichukua joto lililo kwenye hewa ya nje, hata siku ya baridi, na kuliingiza kwenye redieta zako. Kwa uniti moja ya umeme hukupa takriban uniti tatu za joto.

Kikwazo ni bei. Nchini Uingereza uniti ya umeme hugharimu takriban mara nne ya uniti ya gesi, kwa sababu mojawapo kwamba tozo za sera zimelundikwa kwenye umeme. Mashine inaokoa nishati, lakini bili inaweza isishuke. Ndiyo maana maswali mazuri kuhusu joto jadidifu, yaani joto la nishati isiyokwisha, huuliza zaidi tozo hizo kuliko mashine zenyewe.

Kuna ruzuku gani?

Kwa England na Wales ipo ya kubadilisha boila, iliyofunguliwa Mei 2022. Ilianza na pauni 5,000 kwa pampu ya hewa, na tangu Oktoba 2023 ni 7,500. Fundi aliyesajiliwa ndiye huomba kwa niaba ya mwenye nyumba, na kiasi hicho hukatwa kwenye bei yake. Kabla yake ulikuwapo mpango wa RHI, yaani ruzuku ya joto jadidifu, uliolipa kidogo kidogo kwa miaka 7 baada ya mtu kufunga mtambo. Mlango wa nyumba za watu binafsi ulifungwa 31 Machi 2022. Scotland ina mpango wake, wenye ruzuku na mkopo.

Mimi ni mpangaji. Inanihusu?

Huwezi kuiomba mwenyewe. Mwenye nyumba binafsi anaweza. Nyumba za halmashauri na za mashirika ya makazi haziingii kabisa kwenye mpango huu, zina fungu lake lingine. Wengi wetu tunapanga, kwa hiyo swali tunalowapa wabunge ni hili: katika kila mwaka tangu 2022, ni ruzuku ngapi kati ya zilizotolewa zilikwenda kwenye nyumba zenye wapangaji? Kama wizara haihifadhi namba hiyo, basi jibu la "haihifadhiwi" nalo ni taarifa, na swali linalofuata ni kwa nini.

Ilikuwaje Ireland ya Kaskazini, serikali ikaanguka kwa sababu ya boila?

Novemba 2012 walianzisha RHI yao kwa biashara. Kanuni walizinakili kutoka Uingereza lakini wakaacha kifungu kimoja. Uingereza, kwa mitambo midogo na ya kati, ruzuku ya juu ililipwa kwa saa 1,314 za kwanza za mwaka, kisha ikashuka. Kule haikushuka. Punje za mbao zikawa rahisi kuliko ruzuku yenyewe, yaani kadiri unavyochoma ndivyo unavyolipwa zaidi. Mwanamke mmoja mfanyabiashara aliiandikia wizara mwaka 2013, akaeleza kwamba watu wanapasha joto majengo huku madirisha yako wazi. Hakusikilizwa.

Mpango ulifungwa kwa waombaji wapya Februari 2016. Makadirio ya wakati ule yalikuwa hasara ya mamia ya mamilioni ya pauni katika miaka 20. Januari 2017 Martin McGuinness, naibu waziri kiongozi wa huko, alijiuzulu, serikali ya Stormont (ya Ireland ya Kaskazini) ikavunjika, na haikurudi hadi Januari 2020. Ripoti ya uchunguzi ya Machi 2020 haikukuta kwamba rushwa ndiyo chanzo. Ilikuta makosa, uzembe na watu wasiojua walichotia saini.

Kila nikisoma habari hii nafikiri juu ya swali ambalo lilitakiwa kuulizwa mapema: *ruzuku ni senti ngapi kwa uniti, na mafuta ni senti ngapi kwa uniti?* Mwanafunzi wa darasa la sita angeona tatizo.

Naishi Edinburgh. Mbunge wa London anaweza kuuliza kuhusu ruzuku ya Scotland?

Makarani watalirudisha, kwa sababu si jukumu la waziri wa London. Mwandikie mbunge wako wa Holyrood, yaani Bunge la Scotland. Bei ya umeme na gesi, hata hivyo, ni suala la London, kwa hiyo shida moja ya baridi inaweza kuhitaji barua mbili.

## Jibu likishatoka, na pale mambo yanapokwama

Jibu limetoka na halisemi kitu. Tufanyeje?

Lisome polepole. "Tutatangaza kwa wakati wake" maana yake uamuzi haujafanyika, kwa hiyo bado mnaweza kuusukuma. "Nitamwandikia mheshimiwa" maana yake barua itawekwa kwenye maktaba ya Bunge, na msaidizi wa mbunge anaweza kuifuata. "Taarifa hazihifadhiwi kwa namna hiyo" maana yake ulizeni zinahifadhiwa kwa namna gani. Mbunge anaweza kuuliza tena akitaja namba ya jibu la kwanza, na hapo kukwepa huwa aibu.

Na wakisema gharama ya kutafuta ni kubwa mno?

Kwa maswali ya maandishi kuna kikomo cha pauni 850. Punguzeni eneo au muda: badala ya miaka kumi, mwaka mmoja, na badala ya vituo vyote, viwili. Njia nyingine ni sheria ya haki ya kupata taarifa, ambayo wewe mwenyewe unaweza kuitumia bila mbunge. Kikomo chake kwa wizara ni pauni 600, na jibu hutakiwa ndani ya siku 20 za kazi.

Mbunge wangu ni waziri. Anaweza kuuliza?

Mawaziri hawawaulizi wenzao bungeni. Atakuandikia barua ya ndani, ambayo wakati mwingine hufika haraka zaidi. Kama mnahitaji jibu la hadhara, mjumbe wa House of Lords hafungwi na jimbo, mnaweza kumwandikia yeyote.

Bunge likivunjwa kabla ya jibu?

Swali linakufa. Liulizwe upya baada ya uchaguzi. Tunzeni nakala.

Kuna mtu anadai pauni 200 atufikishie swali kwa mbunge. Tumlipe?

Msimlipe hata senti. Kumwandikia mbunge ni bure, na mbunge kupokea fedha ili aulize swali ni kashfa iliyowahi kulitikisa Bunge hilo mwaka 1994. Baada yake iliundwa kamati ya Nolan ya maadili ya viongozi.

Na mtu huyohuyo akiongeza kwamba atakushauri kuhusu viza, muulize namba yake ya usajili. Tangu sheria ya 1999 ni kosa la jinai kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa, hata kama ni mtu wa kwenu na hata kama hatozi. Ndiyo sababu sisi mezani hatugusi fomu za viza. Tunakuandikia barua ya mbunge, tunakuonyesha orodha rasmi ya washauri waliosajiliwa, na tunakupa simu upige ukiwa umekaa hapohapo.